Kirusi hakijalala, kimefungwa mdomo

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kuhusu vile vidonda vya mdomoni vinavyokuja na kuondoka, nikasema kirusi cha hepesi "kinaenda kulala kwenye neva", nikaweka nukta nikadhani nimemaliza. Aisee. Barua zilizokuja karibu zote zimenishika hapo hapo kwenye neno kulala, na wengine wamenishika pabaya kweli. Kwahiyo kona yote ya leo ni hepesi. Maswali mengine nimeyafupisha, majina nimeyaacha pembeni manake mengi ni mambo ya ndani.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Umesema kirusi kinalala kwenye neva. Mimi nasoma baiolojia na tumefundishwa kirusi hakina usingizi wala kuamka, kikiingia kwenye seli kinajizalisha mpaka seli ife, basi. Sasa kwenye neva nani anakizuia? Na kama anaweza kukizuia, mbona asikimalize kabisa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenikamata na nakubali, lilikuwa neno la kivivu. Kulala unalala mwenyewe. Hiki kimekutana na seli iliyokifunga mdomo na inayoendelea kukishikilia hivyo hivyo kila siku, na tofauti hiyo ndo inajibu karibu kila kitu kilichobaki humu, kwahiyo nivumilie nikienda taratibu.

Kirusi kinaingilia kwenye ngozi ya mdomo au ya sehemu za siri, na huko kwenye ngozi kinafanya hayo hayo mliyofundishwa, kinajizalisha, seli zinakufa, lengelenge linatoka. Lakini kwenye ngozi hiyo kuna ncha za neva za hisia, na ncha ya neva sio seli nzima, ni kama mkono mrefu tu, mwili wa seli wenye kiini uko mbali. Kwa neva za uso uko kwenye fundo la neva lililopo ndani ya fuvu, sakafuni, usawa wa sikio, kwa zile za huku chini uko kwenye mafundo yaliyojipanga pembeni ya mfupa wa mgongo. Kirusi kikishaingia kwenye ncha, ganda lake linabebwa na mota za protini za seli yenyewe, linapandishwa juu ya reli za seli yenyewe, mpaka kwenye tundu la kiini, na hapo DNA inamwagwa ndani.

Hapo kwenye kumwagwa naomba nikae kidogo manake watu wengi wanaparuka. DNA ya kirusi hiki ina herufi kama 152,000. Ukiinyoosha inafika maikromita 50 hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati ganda linaloibeba lina upana wa sehemu moja ya nane tu ya maikromita, yani uzi umeshindiliwa kwenye boksi huku urefu wake ukizidi upana wa boksi mara 400. Mgandamizo wa humo ndani umepimwa ukakutwa karibu mara 18 ya ule wa hewa inayotuzunguka, na tairi la gari ni mara mbili tatu tu. Ganda likifunguka mlangoni mwa kiini, DNA inachomoka kwa nguvu zake na inaingia uchi.

Nikisema uchi namaanisha haina histoni. DNA yetu sisi haikai hivyo hata siku moja, kila kipande cha herufi 147 kimezungushwa kwenye kibiringo kidogo cha protini nane zinazoitwa histoni, af kibiringo kingine, af kingine, na ukitaka kujua jeni flani inasomeka au haisomeki angalia vibiringo vyake vimeachana au vimebanana. Sasa kiini kikikuta uzi mrefu hauna vibiringo kinauvalisha fasta, na hilo linaanza ndani ya saa moja mbili, iwe seli ya ngozi iwe ya neva.

Kwenye ngozi kirusi nacho kinajibu haraka. Kati ya ganda na koti lake la nje kinasafiri na mzigo wa protini, na moja inaitwa VP16, hiyo ndo ya kufungulia milango. VP16 inaingia kwenye kiini, inashikana na protini mbili za seli mwenyeji, HCF-1 na Oct-1, zote tatu zinasimama mbele ya zile jeni tano za mwanzo na kuita enzaimu zinazoweka alama ya "hapa pasomwe" kwenye mikia ya histoni. Moja ya hizo jeni tano inatoa ICP0, ambayo kazi yake ni kuwabandika walinzi wa kiini lebo ya kwenda kusagwa. Walinzi wakishasagwa, jeni 80 na ushee zinafuatana kwa zamu na baada ya masaa kadhaa seli imejaa virusi vipya, inakufa.

Kwenye neva mambo yanakiendea kombo toka njiani. Kirusi kikishavua koti, ganda na sehemu kubwa ya ule mzigo vinaachana, ganda linapanda gari na mzigo unabaki nyuma, kwahiyo VP16 inayofika kwenye kiini ni kidogo sana. Hata ikifika, HCF-1 ambayo ingeshikana nayo haipo kwenye kiini, kwenye neva za hisia protini hiyo inakaa nje kwenye ute wa seli. Na hata jeni ya ICP0 ikijitahidi ikatoa ujumbe wake, neva ina maikro-RNA yake inaitwa miR-138, kipande kifupi cha herufi ishirini na kitu, inaudaka ujumbe huo na kuubana usitafsiriwe vizuri. Mlango wa kwanza haujafunguliwa, na wa pili unategemea wa kwanza.

Af sasa ndo kunyamazishwa kwenyewe kunaanza. Walinzi wanaoitwa PML wanaizunguka ile DNA, na siku zinavyokwenda enzaimu za neva zinaandika kwenye vibiringo vya jeni za kirusi alama za kufungia. Alama zenyewe ni vipande vidogo vya kemikali vinavyoitwa methili, vinagandishwa kwenye mkia wa histoni namba H3, sehemu mbili zinazotajwa sana, nafasi ya 9 na nafasi ya 27. Kuna protini nyingine zinasoma alama hizo, zikizikuta zinakaa hapo na kuvibana vibiringo, mpaka mashine ya kusomea jeni haina pa kupitisha hata kidole. Kazi hii haiishi kwa siku moja, kwenye panya wa maabara inachukua kama wiki moja mpaka mbili alama zikolee. Na kitu ambacho mimi kinanifurahisha kila nikikifundisha ni kwamba herufi za kirusi hazijaguswa, hakuna iliyokatwa wala kubadilishwa, hata ile tabia ya seli kugandisha methili moja kwa moja juu ya DNA hapa haionekani kwa maana yoyote kubwa. Kitabu kizima kipo, kurasa ndo zimegundishwa.

Mbona asikimalize? Kwasababu neva haina mbadala. Seli ya ngozi ikijua imeingiliwa inajiua na kesho imezaliwa nyingine, neva iliyokomaa haigawanyiki tena, ukiua neva kila ikipata kirusi utabaki na uso usiohisi kitu. Hata seli za kinga zinazokuja kukaa kwenye lile fundo zinafanya kazi kwa adabu. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwenye panya kwamba seli za kinga aina ya CD8 zinapenyeza kwenye neva enzaimu inayoitwa granzaimu B, na badala ya kuiua neva kama zinavyofanya kwingine, enzaimu ile inaikata protini moja muhimu ya kirusi, ICP4, na neva inabaki hai. Yani askari kaja na bunduki kaitumia kuvunjia kalamu.

SWALI: Mwalimu mimi nimesoma kwamba kuna jeni moja ya hepesi haizimwi hata kirusi kikiwa kimetulia. Kama seli ndo inafunga, hiyo moja imeponyokaje?

JIBU: Haijaponyoka, imeachwa wazi, na hapa ndo hadithi ya seli mjanja dhidi ya kirusi mjinga inapoharibika. Kipande hicho kinaitwa LAT. Kiliripotiwa mwaka 1987 na kundi la Jack Stevens, walipokuwa wanatafuta RNA ya kirusi kwenye neva za panya waliokwisha kutulia, wakakuta kila kitu kimya isipokuwa hiki, na kiko kwa wingi ndani ya kiini. Ukiangalia vibiringo vya eneo hilo vimeachana na vina alama za kusomeka, na pembeni yake zimekaa protini za CTCF ambazo ni kama ukuta wa mpaka, huku kimya huku kelele.

Na LAT inatoa nini? Vimaikro-RNA. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kimoja, miR-H2, kinalenga ujumbe wa ICP0, na kingine kiitwacho miR-H6 kinalenga ICP4. Umeona? Jeni pekee inayoongea inatumia mdomo wake kuziambia zingine zinyamaze. Kirusi kinashika upande mmoja wa komeo na seli upande mwingine. Maabara zimejaribu kukifuta kipande cha LAT zione alama za kufungia zitakuwaje, nyingine zikakuta zinapungua, nyingine zikakuta zinaongezeka, inategemea aina ya kirusi na ya mnyama, kwahiyo usimwamini anayekupa jibu la mstari mmoja. Ila ukiniuliza mimi, haya ni mapatano. Kirusi kinapata nyumba isiyobomolewa wala kugawanywa, manake neva haigawanyiki na DNA yake imejikunja duara inakaa tu pembeni ya kromosomu zetu bila kujichomeka humo, na mwenye nyumba anabaki hai.

SWALI: Kila nikipata homa, au nikikaa juani sana, au nikiwa na mawazo na sijalala, siku mbili tatu baadae mdomo unawasha na lengelenge hilo. Kirusi kinajuaje kwamba nimechoka?

JIBU: Pole dada. Hakijui, ila neva inajua, na neva ndo iliyokuwa inakibana.

Hebu tuanze na jambo la zamani. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji Harvey Cushing aliandika kwamba wagonjwa aliowafanyia upasuaji wa neva ya hisia za uso kwa ajili ya maumivu makali walikuwa wanatoka malengelenge ya hepesi baada ya upasuaji. Mwaka 1929 Ernest Goodpasture akasema kumbe kirusi kitakuwa kinakaa kwenye lile fundo. Ushahidi wenyewe ukachelewa mpaka 1971, Stevens na Margery Cook walipochukua mafundo ya neva ya panya waliokwisha pona. Ukilisaga fundo na kutafuta kirusi, hupati kitu. Lakini fundo lile lile ukilikata mzima, ukaliweka kwenye sahani pamoja na seli ambazo kirusi kinaweza kuzishambulia, ukasubiri siku kadhaa, kirusi hicho kinatoka. Fikiria kilichoipata ile neva kwenye sahani: imekatwa mkono wake mrefu, imetengwa na chakula chake, imeumizwa, yani kila kitu kinachoiambia "uko salama" kimeondoka kwa mkupuo.

Chakula hicho ni protini inayoitwa NGF, inatoka kwenye ngozi inakohisia neva, na ikikosekana swichi zinazobakiza neva kwenye hali ya utulivu zinazimika. Hapo kengele ya mshtuko ya seli, enzaimu inayoitwa JNK, inawaka, na kinachotokea kwenye vibiringo ni cha ajabu. Unakumbuka ile methili nafasi ya 9? Haifutwi. Kwenye nafasi ya 10, jirani yake mlango kwa mlango, kinagandishwa kikundi cha fosfeti, na zile protini zilizokuwa zimekaa pale kubana zinashindwa kushika zinaachia. Kufuli lipo, mlinzi kasukumwa. Hii ilionyeshwa mwaka 2015 na watafiti wakina Anna Cliffe. Jeni za kirusi zinaanza kusomeka hovyo zote kwa pamoja, bila ile zamu ya mwanzo wa kati wa mwisho, kama darasa mwalimu katoka nje.

Mara nyingi fujo hii inaishia hapo hapo, neva inatulia na kubana tena na wewe hujahisi kitu. Ikiendelea, VP16 mpya inatengenezwa humo humo ndani safari hii bila kutembea njia ndefu, HCF-1 inahamia kwenye kiini, enzaimu za kufuta methili zinakuja, na sasa kirusi kizima kinatengenezwa kinashuka na ule mkono mrefu mpaka kwenye ngozi, karibu pale pale kilipoingilia. Ndo maana mdomo unawasha kabla hujaona kitu, neva imeanza kazi ngozi haijajua. Homa inaingiaje? Homa inakuja na protini ya kinga inayoitwa interlukini 1, nayo inazifanya neva zirushe umeme kupita kiasi, na kwenye panya neva zikirusha hivyo hiyo peke yake inatosha kufungua njia ya JNK. Jua nalo, mionzi yake inaumiza ngozi ya mdomo na ncha za neva zilizomo. Mawazo vilevile yanapita kwenye homoni za mshtuko mpaka kwenye neva.

Kitu kimoja nje ya somo: likitoka karibu na jicho, au jicho linauma na kuogopa mwanga, usisubiri likauke lenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimemeza asikloviri mara nyingi, vidonda vinapona vinarudi. Dawa feki?

JIBU: Hapana mzee wangu, dawa nzuri, inapiga kitu kingine. Asikloviri ikiingia mwilini haina makali, inasubiri enzaimu ya kirusi yenyewe iiwashe, af inaenda kukwamisha kunakili DNA. Ndo uzuri wake, haigusi seli zisizo na kirusi kinachofanya kazi, na Gertrude Elion ambaye maabara yake ilitoa dawa hii alipewa Nobel mwaka 1988 pamoja na wenzake. Lakini kwenye neva iliyonyamazishwa enzaimu ile haipo manake jeni yake haisomwi, na hakuna DNA inayonakiliwa, kwahiyo dawa inapita inamkuta mtu kakaa kimya hana kosa. Ukiimeza kila siku kwa ushauri wa daktari inapunguza mara za kutoka na inapunguza kuambukiza, fundo la neva inaliacha lilivyo.

Wanaotafuta dawa ya kumaliza kabisa wako njia mbili. Wa kwanza wanatuma mikasi ya jeni ikaikate ile DNA ndani ya neva, na kwenye panya waliweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya DNA iliyojificha kwenye baadhi ya mafundo, ila panya ni panya. Wa pili wanasema tusifungue kabisa, tuongeze makufuli: kuna enzaimu inayofuta methili inaitwa LSD1, ukiizuia alama za kufungia zinabaki na kirusi hakitoki, nayo imefanya kazi kwa wanyama wa maabara. Mimi hii ya pili naiona ina akili zaidi manake inamsaidia mlinzi aliyepo, ingawa tatizo liko wazi, alama hizo hizo ndo seli zako zote zinatumia kwa jeni zako mwenyewe.

SWALI: Mkanda wa jeshi nao ni huu huu?

JIBU: Ni binamu yake. Tetekuwanga ikishapona, kirusi chake nacho kinakuwa kimepanda neva na kunyamazishwa, mara nyingi kinatoka mara moja tu uzeeni au kinga ikishuka, kwenye eneo la fundo moja, ndo maana malengelenge yanafuata mstari upande mmoja wa mwili. Chanjo yake ipo, ya hepesi hii tunayoongelea haipo.

SWALI: Ndugu mwandishi, niko na mwenzangu miaka mingi na mwezi huu nimetoka malengelenge sehemu za siri kwa mara ya kwanza maishani. Daktari kasema hepesi. Mwenzangu hataki kunisikia, anasema nimetoka nje. Sijatoka. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na swali lako ndo limenifanya niandike marefu yote ya juu. Malengelenge ya kwanza kuonekana sio tarehe ya kuambukizwa. Inawezekana kirusi kilipanda neva zako kabla hamjakutana kikafungwa mdomo miaka yote hii na sasa ndo kimepata upenyo. Inawezekana pia umekipata kwake na yeye hajui kama anacho, manake kirusi kinaweza kutoka kwenye ngozi isiyo na kidonda, na hepesi ina aina mbili, ile ya kwanza inaweza kutoka mdomoni ikaenda sehemu za siri. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, watu bilioni 3.7 wenye umri chini ya miaka 50 wana aina ya kwanza na milioni 491 wenye miaka 15 hadi 49 wana ya pili, na wengi wao hawajawahi kuona dalili au waliiona wakadhani kipele. Na ndio, inawezekana pia ni maambukizi mapya. Kipele chenyewe hakiwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo.

Kinachosaidia kidogo ni vipimo, na muende wote wawili. Kidonda kikipimwa mapema kinasema ni aina gani. Damu inaangalia kingamwili, ambazo zinachukua wiki kadhaa mpaka miezi kujitokeza, kwahiyo kama za aina hiyo hiyo zilishakuwemo kwenye damu yako siku ileile malengelenge yametoka, maambukizi sio ya juzi. Kipimo hiki kinakosea wakati mwingine, hasa majibu yakiwa ya juu kidogo tu ya mstari, muulizeni daktari kurudia. Na kurasa hizi mpe azisome mwenyewe, usimsomee wewe, manake ukimsomea atasikia sauti ya mtu anayejitetea.